Tulivyokwenda Ulaya kwa Kitambulisho cha Doha

Likizo yangu ya kwanza kutoka Doha nilirudi Tanga na mabegi yaliyomshinda hata mchukuzi wa uwanja wa ndege. Nilibeba marashi, mablanketi mazito yenye picha za chui, maziwa ya unga, simu za wapwa na mabaibui ya mashangazi. Pamoja na yote hayo, shangazi mmoja alilikunjua baibui lake pale sebuleni, akaligeuza mbele na nyuma, akauliza, "Mawe yake yako wapi?" Alitaka yale yenye vijiwe vya kumetameta kifuani. Kuanzia siku ile mpaka naondoka, kila aliyeingia nyumbani alikuwa na shida yake, na kila shida ilinitazama mimi. Nilirudi kazini nimechoka kuliko nilivyotoka.

Kwa hiyo likizo ya pili ilipokaribia, badala ya kufurahi nilianza kuwahesabu mashangazi.

Wakati huo nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya mjini, natandika vitanda na kusugua mabafu. Nilikaa Fereej Bin Mahmoud, kwenye nyumba ya ghorofa iliyogawanywagawanywa kwa mbao, na mwenzangu wa chumba alikuwa dada mmoja Mkenya wa Nakuru, mlinzi kwenye eneo la ujenzi kule Lusail. Ni miaka ile Doha nzima ilipokuwa imechimbwa kwa ajili ya treni, na basi la kazini kwake lilibadilishiwa njia kila likizoea moja. Mwenzangu alipitisha safari hizo ndefu akisoma kila kitu kilichokuwa kwenye simu yake, kisha anakuja kunisomea mimi.

Jioni moja aliingia bila salamu, hata viatu hakuvua.

"Wewe, si unataka likizo?"

"Likizo naitaka. Nyumbani ndiko sitaki."

"Basi twende Ulaya."

Nilicheka mpaka Mganda wa upande wa pili akagonga ubao. Viza ya Ulaya kwa watu wa kazi zetu tulikuwa tunaisikia tu. Watu walipeleka karatasi za benki, barua za mwajiri na picha zenye kivuli cha kila aina, na mwisho wakarudishiwa pasipoti zao nyeupe vilevile.

"Hakuna mambo ya viza," alisema. "Kuna nchi inaitwa Georgia. Ukiwa na kitambulisho cha ukaazi cha hapa Qatar unaingia tu, ni kupigwa muhuri na kuendelea na maisha. Mji wake mkuu unaitwa Tbilisi. Kuna theluji, kuna milima, kuna makanisa ya zamani ajabu. Na tiketi ni rahisi, kwa sababu ni Februari na hakuna mtu mwenye akili anaenda huko Februari."

"Georgia ni Ulaya?"

"Ni Ulaya," alijibu, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajafika mwisho wa ukurasa.

Ijumaa iliyofuata habari hiyo ilifika kwa rafiki yetu Mzanzibari, dereva wa familia moja ya Muaither, aliyekuwa anakuja kwetu kula wali kila akipewa mapumziko. Aliweka kijiko chini.

"Dada zangu, mnadanganywa. Ile Asia ile. Mimi nimesoma jiografia."

"Jiografia ya mwaka gani?" mwenzangu alimuuliza.

"Mwaka gani ndo nini? Mabara yanahama?"

Walibishana mpaka wali ukapoa. Mimi sikuingilia. Moyoni nilishaamua kwamba popote patakapokuwa mbali na mashangazi, kwangu mimi ni Ulaya.

Miaka hiyo hukutoka Qatar bila kibali cha mwajiri; mwenzangu alipata chake kazini kwao, nami nikaenda ofisi ya wafanyakazi, kwa bwana mmoja mpole wa Kerala aliyekuwa anashughulikia likizo zetu. Nilimwambia safari yangu.

"Georgia?" alisema. "Wamarekani wamekupa viza?"

"Siyo ile ya Marekani."

"Kuna nyingine?"

Akaitafuta kwenye kompyuta. Akasoma kwa muda, kisha akanigeuzia kioo polepole kama daktari anayemwonyesha mgonjwa picha mbaya ya mapafu. Ilikuwa hali ya hewa ya Tbilisi.

"Hii ni chini ya sifuri. Unaelewa maana yake?"

"Naelewa."

"Kwa nini usiende kwa mama yako?"

"Nikienda kwa mama, nakwenda kwa ukoo mzima."

Alinitazama kwa makini. Nadhani na yeye alikuwa na mashangazi. Alichukua kalamu akasaini.

Nyumbani sikusema kitu. Mama aliponiuliza habari za likizo nilimjibu kwamba mambo ya likizo yanaamuliwa na kampuni, na kwa namna fulani hilo lilikuwa kweli.

Sasa ikabaki baridi. Mtu aliyezaliwa Tanga akahamia Doha hana nguo ya baridi hata moja. Sweta langu la pekee lilikuwa la kujikinga na kiyoyozi. Lakini nilikuwa na koti. Lilisahauliwa hotelini na mgeni mmoja aliyekuja akitokea nchi za theluji, koti la manyoya kutoka shingoni mpaka kwenye vifundo, la rangi ya chai ya maziwa. Lilikaa stoo ya vitu vilivyosahauliwa mpaka muda wake ukapita, na msimamizi wetu Mfilipino alipouliza nani analitaka, watu wote waliangalia pembeni. Nani atavaa manyoya Doha? Nililichukua mimi, nikawa nalilalia kama godoro la pili.

Mwenzangu yeye alikuwa na jaketi la kazi, zito, jeusi, lenye mistari ya kung'aa mikononi na neno SECURITY kubwa mgongoni.

"Huendi na hilo," nilimwambia.

"Unaninunulia lingine?"

Tulibeba pia chakula, maana tulijua migahawa hatutaiweza. Tulifunga unga wa ugali, mchele kidogo, na dagaa ambao mfanyakazi mwenzangu alikuwa amerudi nao kutoka Mwanza. Dagaa tuliwafunga kwenye mifuko mingi, mfuko ndani ya mfuko, lakini dagaa ni dagaa. Ndani ya ndege, bwana aliyekaa mbele yetu aligeuka mara kadhaa akiwatazama abiria wengine kwa masikitiko.

Tbilisi tulifika mchana. Kwenye dirisha la uhamiaji wale waliotutangulia walipita upesi, sisi tukawekwa pembeni kwenye kiti cha chuma. Alikuja ofisa mmoja kijana, mwenye macho ya usingizi, akatuita pamoja. Alianza na mwenzangu. Mwenzangu alikuwa amekariri mji mzima. Alimtajia makanisa, ngome, mito na wafalme, mpaka ofisa akainua mkono kumsimamisha. Kisha akanitazama mimi, akatazama koti, akamtazama mwenzangu, akazunguka kidogo kusoma mgongo wake.

"Huyu ni mlinzi wako?"

"Hapana, ni rafiki yangu."

"Kwa nini ameandikwa mlinzi?"

"Kwa sababu ni mlinzi."

Alifumba macho kidogo. "Wewe kazi yako nini?"

"Natandika vitanda hotelini."

"Na umekuja hapa kufanya nini?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mazuri kuhusu utamaduni na historia. Yote yaliniruka. Nikamwambia ukweli wangu, "Nimekuja kulala kwenye kitanda kilichotandikwa na mtu mwingine."

Alicheka, mara moja tu, kama mtu aliyepiga chafya. Akagonga mihuri miwili.

Tulipopanga palikuwa nyumba ya mbao juu ya kichochoro cha mawe, chenye mteremko mkali kiasi kwamba nililazimika kukipanda nimeshika ukuta. Ua wake ulikuwa na mzabibu mkavu uliotambaa juu ya waya. Mlango ulifunguliwa na bibi mmoja mfupi, mnene, aliyevaa fulana mbili za sufi na aproni. Nyuma yake, karibu na jiko la gesi, alikaa mzee mwenye masharubu meupe anasoma gazeti. Mimi nikaona huyu ni mtu mzima, siwezi kumpita hivi hivi, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Unamsalimia kwa Kiswahili?" mwenzangu alininong'oneza.

"Mkubwa ni mkubwa tu."

Bibi alishangaa, kisha akaanza kucheka na kutikisa kichwa. Alijigusa kifua, akasema, "Deda! Deda!" Kisha akamnyooshea kidole yule mzee mwenye masharubu. "Mama!"

Tukatazamana.

"Anasema yeye ni dada yako," mwenzangu alitafsiri.

"Na mzee?"

"Mzee ndiye mama."

Niligeuka kwa mzee. Ugenini hukatai unachoambiwa. Nikapiga goti tena, "Shikamoo, mama." Mzee alishusha gazeti, akainamisha kichwa kwa heshima zote, akaendelea kusoma. Hakuona ajabu yoyote. Mpaka alipokuja jirani anayejua Kiingereza ndipo tulipofafanuliwa kwamba kwa lugha yao mama ndiye baba, na mama wanamwita deda. Mwenzangu alifurahi kupita kiasi. Siku zote tulizokaa pale alitafuta sababu za kumwita mzee. "Mama, habari za asubuhi! Mama, masharubu yako leo yamependeza!"

Kitanda changu kilikuwa kimetandikwa, mto umesimamishwa vizuri, shuka lina harufu ya sabuni. Nililala kama maiti. Ila asubuhi mikono ilinisaliti: kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimekitandika upya, kona zimekunjwa kihoteli, shuka limekazwa kama ngoma. Deda alipoingia akaona, akaudhika. Alikivuruga chote, akanisukuma nikae kwenye kiti, akakitandika tena kwa namna yake huku akinisemesha kwa ukali. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilielewa kabisa.

Mji tuliuzunguka kwa miguu. Theluji ilikuwa imeanguka na kuganda, na sisi tulitembea tumeshikana kama wazee wawili wanaotoka hospitali. Mwenzangu alikuwa na jambo moja kichwani: kila tulipoona jengo lenye bendera ya buluu ya nyota za Umoja wa Ulaya, na yalikuwa mengi, lazima asimame chini yake nimpige picha, awe na ushahidi wa kumwonyesha yule dereva. Makumbusho hatukuingia, tulisimama tu kwenye ukumbi wake kupata joto. Tukiwa tumesimama mlangoni, kundi la watalii likaingia, mama wa kwanza akasoma jaketi la mwenzangu, akamfungulia mkoba. Mwenzangu akachungulia ndani, akamwashiria apite. Wa pili akafungua, akachungulia, akapita. Alikagua karibu kundi zima.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Sijui," alisema. "Lakini yule wa mwisho alikuwa na kisu."

Jioni ile tukaamua kupika. Jiko lilikuwa la nyumba nzima. Nilisonga ugali, mwenzangu akakaanga dagaa kwa kitunguu, na harufu ikapanda ngazi. Haukupita muda Deda akatokea mlangoni. Nilijiandaa kuomba radhi kwa ajili ya dagaa. Lakini hakuwatazama dagaa kabisa, macho yake yalikuwa kwenye sufuria.

"Ghomi!" alipiga kelele. "Ghomi!"

Yule jirani alikuja kutusaidia tena. Kumbe Deda alizaliwa magharibi ya nchi, na huko kwao wanakula ugali, ugali kabisa wa mahindi meupe, wanauita ghomi. Tulikumbatiana. Kisha alionja wangu, na undugu ukaishia hapo. Alikunja uso, akaugonga kwa kijiko kunionyesha kwamba hili ni tofali. Akachukua birika, akamimina maji kwenye ugali wangu uliokwisha kuiva.

Mimi nilinyamaza kwa sababu ya adabu. Mwenzangu hakunyamaza.

"Ai! Deda! Wacha ugali ya watu!"

Alishika sufuria upande huu, Deda akashika upande ule. Kila mmoja alieleza kwa lugha yake jinsi ugali unavyopikwa kwao. Mwisho sufuria ziliwekwa mbili. Deda akapika wake, laini kama uji mzito, akazika vipande vya jibini katikati vikawa vinayeyuka. Sisi tukasonga wetu ukasimama kiume. Mzee akaitwa kuamua.

Alikaa mezani, akafunga kitambaa shingoni. Alikula wa mkewe. Akala wetu, na kwa kuwa mwenzangu alimwonyesha, aliumega kwa mkono akautia kidole gumba katikati. Alikula dagaa na vichwa vyao. Sote watatu tumesimama tukimsubiri. Alifuta masharubu upande wa kulia, akafuta upande wa kushoto, akavuta sahani ya mwenzangu ambayo ilikuwa haijaguswa, akaendelea kula.

"Ametuchagua sisi!" alisema mwenzangu.

Deda naye alikuwa anampigapiga mumewe bega, amefurahi, akiamini ameshinda.

Jambo lililotupata kesho yake ndilo linalonijia kichwani mpaka leo nikiwa kwenye foleni peke yangu, watu wakashangaa ninacheka nini. Tulikuwa tunapita barabara ya juu, mbele ya mgahawa mmoja, na pale nje palikuwa na harusi. Bibi harusi anatetemeka ndani ya gauni lisilo na mikono, watu wanapiga picha. Tulisimama kuangalia, kama mtu yeyote wa pwani anavyosimama akiona harusi. Mara bwana mmoja aliyevaa suti akatuona, akaja mbio, akainama mbele yangu akiomba kwa ishara nipige picha na maharusi. Nikasimama katikati. Kijana wa miaka thelathini hivi, kaka wa bibi harusi, aliyejua Kiingereza, akaniuliza nimetoka wapi.

"Doha. Qatar."

Lile neno Qatar liliwamaliza. Niliwaona wakilinong'onezana, linapita mdomo kwa mdomo mpaka kwa wazee, na kila aliyelipokea alitazama koti langu, kisha akamtazama mwenzangu aliyesimama hatua chache nyuma, mikono mfukoni, na maandishi yake mgongoni. Mwanamke mwenye manyoya, kutoka Qatar, na mlinzi wake. Kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimeshikwa mikono miwili naingizwa ndani.

Niliwekwa meza kuu, kati ya wazee wawili waliovaa medali. Mbele yangu palijaa mikate ya jibini, kuku wa karanga kubwa, mbilingani, mboga nisizozijua majina. Nilisema sinywi pombe, wakaniletea soda ya kijani kama rangi ya msikiti. Nilimtafuta mwenzangu. Walikuwa wamemweka mlangoni. Walimpa sahani yake kwa ukarimu kabisa, lakini amesimama, sahani mkono mmoja, mkate mkono mwingine, karibu na mlinzi halisi wa mgahawa aliyekuwa anamwonyesha ishara za kikazi.

Ukumbi mzima ukatusikia tukiongea Kiswahili.

"Uko sawa?" nilimwita.

"Niko sawa wapi! Hii nchi ni mimi niliitafuta! Waambie mimi ni mgeni!"

"Nitawaambiaje?"

"Na mdomo!"

Wazee wenye medali waliitikia kwa vichwa. Waliona jinsi mlinzi wangu anavyotoa taarifa.

Harusi za kule zina mtu wa kuongoza heri. Anasimama na glasi, anasema maneno marefu, watu wanakunywa, kisha anampa mwingine nafasi. Huyu alikuwa jitu la mtu, sauti kama spika ya msikitini. Alisema mengi, halafu akaninyooshea mkono. Kaka wa bibi harusi akaniinamia. "Anaomba mgeni wetu mheshimiwa aseme neno."

Nilisimama na soda yangu. Nilisema kwa Kiingereza changu cha hotelini, sentensi fupi fupi, na yule kaka akitafsiri.

"Asanteni sana kwa chakula. Mungu awape maharusi watoto wema. Lakini mimi si mheshimiwa. Mimi natandika vitanda hotelini Doha. Na yule mlangoni si mlinzi wangu. Yeye analinda jengo ambalo bado halijaisha. Ni rafiki yangu, tunakaa chumba kimoja, na tafadhali apewe kiti, maana tukirudi nyumbani hatanisamehe."

Kaka wa bibi harusi alisita kwenye sentensi ya tatu, akaniangalia kuhakikisha, kisha akatafsiri. Uma zikashuka mezani. Nilisikia jiko likiunguruma. Yule jitu akauliza kitu.

"Anauliza, na koti?"

"Mgeni alilisahau chumbani."

Ilipotafsiriwa hiyo, mzee wa kulia kwangu ndiye aliyeanza. Alipiga meza kwa kiganja. Kisha wote. Walicheka mpaka bibi harusi akashikilia wanja wake usichuruzike. Yule jitu alivuka ukumbi mzima, akampokonya mwenzangu sahani, akamshika mkono kama anampeleka kucheza dansi, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Halafu akainua glasi, na safari hii sauti yake ilishuka. Alisema, kwa maneno ya yule kaka, kwamba yeye mwenyewe amewahi kuosha vyombo nje ya nchi kwa miaka mingi, kwenye jiko lisilo na dirisha, na kwamba anataka kunywa kwa ajili ya mama za watu wote walio mbali na nyumbani. Wakasimama wote. Nilimtazama mwenzangu, yule anayewafokea madereva wa malori ya kokoto. Alikuwa anafuta macho kwa mkono wa jaketi, ile mistari inang'aa.

Baadaye nyanya yake bwana harusi, bibi kizee kabisa, aliliomba koti alijaribu. Akalivaa, akaingia katikati ya ukumbi, akacheza nalo mikono juu, vidole vinazunguka, na wanaume wakampigia makofi. Likapita kwa shangazi, likapita kwa dada, kila aliyelivaa akacheza kidogo. Lilirudi kwangu likinuka marashi ya ukoo mzima.

Siku ya kuondoka nililiacha kwa Deda. Doha ningelifanyia nini? Alikataa, akakataa tena, akalivaa, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akaacha kukataa. Mzee alitoka mpaka kichochoroni kutusindikiza. Mwenzangu alimkumbatia. "Kwaheri, mama," alisema, na safari hii hakuwa anatania. Mimi nikashuka mteremko nikiwa na sweta la kiyoyozi, natetemeka, na begi limejaa karanga na matunda makavu tuliyosukumiwa.

Yule dereva wetu alikuja kutupokea uwanja wa ndege. Hatukuwa hata tumefunga mikanda mwenzangu akamtolea simu, akimwonyesha bendera moja baada ya nyingine.

"Hii ni nini? Na hii? Na hii?"

"Bendera hata mimi naweza kushona," alisema Mzanzibari. "Nikiweka bendera ya Brazili Muaither, itakuwa Brazili?"

Walibishana barabara nzima ya pwani, Corniche. Tuliposimama kununua chai ya karak, wakamuuliza muuza chai awaamulie. Yule bwana alifikiri huku akikoroga. "Georgia?" alisema. "Marekani." Wote wawili wakamgeukia yeye, na hiyo ndiyo mara ya pekee niliyowaona wakikubaliana.

Mimi nilidhani siri yangu iko salama. Sikujua kwamba yule kaka wa bibi harusi alikuwa amebandika picha kwenye mtandao, na mwenzangu naye, kwa furaha zake, alikuwa ameisambaza kwa kila mtu anayemjua. Ilichukua njia zake ikafika Tanga. Mama alinipigia nikiwa nimekaa kitandani nanyoosha sare ya kazi.

"Nasikia ulikuwa Ulaya."

Nilitegemea aulize kwa nini sikurudi nyumbani, au kwamba mashangazi wameshaanza.

"Kulikuwa na baridi?"

"Sana, mama."

"Ungeniambia ningekuombea dua ya safari." Kisha akauliza, "Hivi ile pasipoti inakatwa wapi?"

"Ya nani?"

"Ya kwangu. Unadhani wewe peke yako unapenda kutoka?"

Nilicheka, nikamwelekeza, nikajua atasahau. Hakusahau. Alimsumbua mjomba, akasumbua ofisi, akapata. Kwa muda mrefu iliwekwa kabatini ndani ya mfuko wa nailoni, na kila mgeni aliyekuja alionyeshwa ile picha ambayo mama amekodoa macho kama amefumaniwa na sukari. Halafu ndugu yetu mmoja akaozesha Mombasa, mama akapanda basi, akafika mpakani Horohoro.

Alinipigia akiwa palepale kwenye foleni, nasikia watu nyuma yake wananung'unika. Ofisa alikuwa amefungua pasipoti katikati, popote palipofunguka, na ameinua muhuri. Mama amemshika mkono.

"Mwambie huyu kijana wewe unayejua mambo ya safari," aliniambia kwa sauti ya juu. "Mwambie aanze ukurasa wa kwanza. Mimi sitaki kurukiwa kurasa."

Alinipa ofisa kwenye simu. Nilimwomba kwa heshima zote, mimi niko kazini Doha, nimeinama juu ya kitanda cha mgeni, simu begani. Yule kijana alishusha pumzi, nikasikia karatasi zinafunuliwa kurudi mwanzo, kisha kishindo cha muhuri, na mama akipiga kigelegele ofisi nzima ya uhamiaji isikie.